Majina Aliyoyataja Verna

Verna Antone alikuwa na kiti cha dirishani, mimi cha pembeni yake, kila mmoja na mashine yake ya kusafisha damu. Tuligombania blanketi zito kama watoto. Hapa kwetu kando ya mto Gila, kwenye ardhi waliyotengewa wenyeji wa asili, kisukari si habari tena, watu huulizana tu, "Umeshaanza mashine?"

Aliishi peke yake katika nyumba iliyowahi kujaa watu. Kwa mazoea bado alipika maharage yetu ya jangwani chungu kizima, akala kibakuli, yaliyobaki akaniletea.

"Daktari amenikataza maharage," nilimwambia.

"Basi kula ufe, Leonard. Nitapata blanketi."

Kisha Janelle, binti wa marehemu kaka yake, akaja kutoka Phoenix akasema atampa shangazi yake figo. Verna akaanza kupaka rangi ya mdomo. Niliona wivu, sikatai, lakini nilifurahi pia.

Siku moja daktari alikuja na Janelle mpaka kwenye kiti. Alieleza taratibu kwamba kisukari hupata wengi, ila figo hazifi kwa wote. Kuna koo ambazo udhaifu huo umo kwenye vinasaba, watu wake huangushwa mmoja baada ya mwingine. Kama Janelle ni wa ukoo wa namna hiyo, akibaki na figo moja ataishia kitini.

"Kwenu yuko mwingine aliyeharibikiwa figo?"

"Ni shangazi tu," Janelle akajibu. "Baba alikufa kwa moyo."

Hakudanganya. Kwetu mtu akishazikwa vitu vyake huchomwa, na jina lake halitamkwi tena, asije akasumbuliwa huko aliko. Janelle alilelewa mbali, juu ya kimya hicho. Verna alitakiwa anyamaze tu, kama tulivyofundishwa sote, na figo ingekuwa yake. Nani angemlaumu? Mimi nisingethubutu.

"Wilfred," Verna akasema.

Nilimshika bega.

"Verna, nyamaza."

"Nyamaza wewe." Akamgeukia daktari. "Wilfred, kaka yangu, baba yake huyu. Moyo ulikuja mwisho, mashine ilitangulia. Mama yetu, Ascencia. Dada yangu Ramona, na mwanawe Curtis, hata ndevu hazijakomaa." Kila jina alilisema polepole, kama anayewaomba radhi.

Daktari alisema Janelle hatatoa figo. Janelle akalia.

"Shangazi, miaka yote hii hukuniambia kuhusu baba."

"Hatuwataji, mwanangu."

"Mbona leo umewataja?"

"Kwa sababu umebaki wewe."

Janelle alirudi Phoenix akapime figo zake mwenyewe. Verna alirudi kwenye nyumba yake. Rangi ya mdomo hakuipaka tena, na majira ya baridi yaliyofuata tulimzika. Tulichoma nguo zake, na chungu nikakivunja mimi. Kiti cha dirishani sasa ni changu, na blanketi pia. Sina wa kugombana naye, na upweke huu unaniuma kuliko sindano.

Kwa desturi yetu nisingelitamka jina lake. Lakini Janelle amejifungua binti, na siku moja daktari atamuuliza nani kwao aliharibikiwa figo. Mwambieni: Verna Antone.