Mfugaji Aliyewatibu Kuku Wazima

Habari za kifo chake zilinikuta jikoni nikikaanga mayai yake. Ujumbe uliingia kwenye simu kutoka Tongaren, alikozaliwa na ambako tulimzika Jumamosi, ukisema jamaa ametuacha baada ya kuugua mkono. Mkono! Mtu mwenye kilo mia moja na kicheko cha kusikika hadi Saboti hafi kwa mkono. Nilizima moto nikakaa chini. Nilimpenda sana yule bwana, na mkiniona nacheka humu, jueni kwamba nimeshalia.

Wengi mlimjua hapa Kitale kwa mayai. Alikuwa na kuku mia tatu hivi nyuma ya nyumba, na kila asubuhi, kabla hajanywa chai, alikoroga kijiko cha antibiotiki ya unga katika maji yao. Kuku hawakuwa wagonjwa. "Kinga ni bora kuliko tiba, bana," alinijibu nilipouliza. Pakiti ilionya kwamba mayai yasiuzwe mpaka zipite siku kadhaa tangu kuku wamalize dawa. Kwa kuwa hawakuimaliza kamwe, siku hizo hazikuanza kuhesabiwa. Mteja akitaka kupunguziwa bei alimkata kauli: "Si hiyo mayai iko na dawa ndani? Unakula, unatibiwa, na bado unasumbua?" Mimi mwenyewe nilipobanwa na mafua nilimwomba kijiko. Alinitazama juu hadi chini, akanikadiria kuwa sawa na kuku arobaini, akanipimia. Mafua yaliisha baada ya wiki, kama mafua yote, ila sifa ilienda kwa unga.

Kisha wageni wakaja kutoka Bungoma kumposa binti yake. Kwetu mgeni asiyechinjiwa kuku hajakaribishwa, na firigisi ni ya mkubwa wao. Bahati mbaya jogoo wawili aliowatenga kwa shughuli hiyo walikuwa wameanza kusinzia. Akawapa dozi maradufu kwa siku mbili ili wasimame wima mbele ya wakwe, halafu akawachinja. Mzee wa posa alitafuna firigisi polepole, akaacha, akaonja tena. "Mukwe," akauliza, "hii kuku ilikuwa imelazwa hosipitali gani?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika, na binti akaolewa.

Miezi miwili iliyopita waya wa banda ulimchana kiganja. Akanyunyiza unga wa kuku, akaendelea na kazi. Mkono ulipovimba hadi kwenye kiwiko akakubali kwenda hospitali, wakamchoma dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na homa isishuke. Nilikuwa kando ya kitanda daktari alipoleta majibu ya maabara. Alieleza kwamba vijidudu vikionjeshwa dawa kidogo kidogo kila siku, vile dhaifu hufa, na sugu hubaki vikazaana, vikahama kutoka kwa kuku hadi kwenye maji, samadi na mikono ya mfugaji. Pengine hivi vilitoka bandani.

"Ati nimekuwa nikisomesha wadudu?" mgonjwa akauliza.

"Miaka mingi, mzee."

"Basi wamepita mtihani." Akacheka, nasi tukacheka, kisha akanishika mkono wa shati. "Ambia mama watoto awache hiyo unga. Leo." Hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwangu, na lilinichoma.

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia mkewe, naye akafunga pakiti na kuanza kuosha vyombo vya maji na kubadilisha maranda bandani. Baada ya mazishi nilipita tena kumpa pole. Alinipeleka nyuma ya nyumba, tukasimama tukiwatazama kuku wakidonoa.

"Siku kumi na tisa wanakunywa maji tu, shemeji," akasema. "Hakuna hata mmoja amekufa."

Nguvu za dawa tulizozimaliza kwa kuku wazima ndizo alizozikosa mgonjwa wetu.