Bwawa limepata dawa, kwa hiyo limelazwa

Leo nimezimiwa pampu ili bwawa lilale!

Jamani.

Ni bwawa jipya la kuogelea, loji moja njia ya Kwihara. Plasta bado changa, inatoa chokaa, maji meupe kama tui.

Asubuhi nikaweka dawa ya kuua ile chokaa, nikawasha pampu izungushe maji. Nikamwambia mama mwenye loji, "Limeshapata dawa hilo," nikapanda boda kufuata brashi mjini.

Narudi, kimya! Mama kakaa pembeni, analinda.

"Shikamoo mama. Pampu kazima nani?"

"Marahaba. Mimi. Mgonjwa akishapata dawa si anaachwa alale?"

Nilitaka kucheka, ila dawa ile ikituama chini inachubua plasta. Nikawasha pampu, nikasugua kila kona.

Na kazi naijua, msinichezee! Jioni maji yanang'aa, unaona mpaka skrubu za taa ya chini.

Mama akachungulia.

"Kapata nafuu?"

"Kapata, mama."

"Basi Jumapili nawaleta wajukuu waje kumwona."

Wadau, nimweleze, au nisubiri waje na chupa ya uji?