Mtamba Aliyekwenda Yerusalemu

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa tatu mwaka huu nilimpoteza baba yangu. Tulimzika Jumanne iliyofuata, na watu waliporudi makwao nilifungua sanduku lake la bati, ambalo alilitia kufuli maisha yake yote. Kilichotoka kwanza ni harufu: dawa ya nondo, rangi ya mafuta, na kitambaa kilichokaa miaka mingi bila hewa. Sikuhitaji kukikunjua. Nilijua ni ile chati ya siku za mwisho, nikakaa chini palepale sakafuni.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Sikusoma sana, niliishia darasa la nane, kwa hiyo mtanivumilia nikienda polepole.

Baba alikuwa na duka mtaa wa Wabera, mjini Isiolo. Sisi ni Wameru, na majirani wetu wengi walikuwa Waislamu. Tuliishi nao vizuri, wakinunua kwetu sukari na majani ya chai. Mama alikufa nikiwa mdogo hata sura yake siikumbuki. Nilipokuwa na miaka tisa, nyanya yangu, mama yake mama, alishuka kutoka Meru na ndama jike nyuma ya pikapu. Ndama huyo alikuwa mwekundu mwili mzima, mwekundu wa udongo uliolowa. Nyanya akasema mbele ya watu wote waliokuwa dukani kwamba huyo si wa duka wala si wa baba. Ni wa Kendi, na ndiye atakayempeleka sekondari. Kendi ni mimi.

Mtu wa mjini akiwa na ng'ombe humwachia mfugaji amchanganye na wake. Ng'ombe akizaa, mfugaji anakunywa maziwa, na hayo ndiyo malipo yake. Wetu alikuwa Guyo, Mborana mrefu mwenye meno machache, aliyekaa Burat, nje ya mji. Alimtazama ndama wangu pande zote akampa jina la Diima, ambalo kwao ni mwekundu. Mimi aliniita intala tu, yaani msichana.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa jumba la mabati, na Pasta wetu alikuwa ametoka Kenya ya kati na sauti nzuri na ile chati. Aliichora mwenyewe kwenye kitambaa cha marekani, ikafunika ukuta mzima. Upande wa kushoto palikuwa na Ibrahimu, upande wa kulia moto. Katikati palikuwa na Yerusalemu, duara la manjano, na ndani yake Wayahudi: vichwa thelathini vidogo vyenye ndevu. Vichwa ishirini vilikuwa vimekatwa kwa mstari mwekundu. Mahubiri yalikuwa marefu, na mimi nilivihesabu kila Jumapili. Vingine nilivipa majina.

Pasta alifundisha kwamba Wayahudi wamesharudi nchini mwao, hilo limetimia. Lililobaki ni hekalu. Na hekalu halitafanya kazi mpaka makuhani watakaswe kwa majivu ya mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye hajazaa, hajatiwa nira, na hana unywele wa rangi nyingine. Hekalu likisimama atakuja mpinga Kristo, kisha dhiki ya miaka saba. Theluthi mbili ya Wayahudi watakufa, theluthi itakayobaki itamwamini Yesu, naye atarudi. Sisi tutakuwa tumenyakuliwa mapema, tukitazama kutoka juu.

Tuliwapenda Wayahudi sana. Kila Jumatano tuliwaombea mpaka jasho likatutoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Myahudi. Askari wa kambi ya jeshi walipofanya mazoezi ya kupiga risasi kule Burat, nilijificha chini ya kitanda na mkate wa duka, nikijua vita vya mwisho vimeanza na nimeachwa.

Sasa nitasema kosa langu. Siku Pasta alipofundisha watoto habari za mtamba, akauliza kwa utani kama kuna anayemjua ng'ombe wa namna hiyo, mimi ndiye niliyeinua mkono. Nikasema, "Mimi ninaye. Yuko kwa Guyo."

Wiki hiyohiyo Pasta na baba walikwenda Burat, nami nikafuata. Walimkuta Guyo ameshika kisu, kwa sababu siku hiyo alikuwa anakata masikio ya ndama wote. Kila mfugaji ana alama yake. Ya Guyo ilikuwa pengo dogo kwenye sikio la kushoto, na sokoni kila mtu aliijua.

"Usiguse sikio la huyo!" Pasta alipiga kelele. "Kovu ni kasoro!"

Guyo alimgeukia baba. "Mzee wa duka, hii ng'ombe ikichanganyika na ya watu, mimi nitasema ni yetu kwa nini?"

"Mwache tu hivyo, Guyo. Huyu ana kazi."

"Kazi gani?"

"Ya Mungu."

"Sawa. Na dume? Akitaka dume pia hapana?"

"Pia hapana," akasema Pasta.

Guyo alicheka mpaka akakaa chini. "Basi hiyo si kufuga ng'ombe. Hiyo ni kufuga bibi harusi."

Kutoka siku hiyo kila Jumamosi nilipewa kazi ya kumkagua. Nilianzia puani nikamalizia mkiani, nikitenganisha manyoya kwa vidole, naye Diima akalamba mkono wangu kwa ule ulimi wa msasa. Alinuka vumbi na majani makavu. Ng'ombe wa rika lake walikuwa wameanza kuvimba matumbo. Yeye alibaki mwembamba, akisukumwa pembeni kwenye maji. Nilipouliza atafanywa nini huko Yerusalemu, baba alinifungulia Biblia, kitabu cha Hesabu, nikasoma mwenyewe. Atachomwa moto mzima, ngozi, nyama, damu na mavi. Kwa siku kadhaa sikula nyama.

Kwa hiyo siku nilipoona nywele tatu nyeupe chini ya kidevu chake nilifurahi kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Nilikimbia kutoka Burat mpaka Wabera bila kusimama. Mtamba ameharibika, basi ni wangu tena. Atazaa, nitaenda sekondari, hakuna atakayechomwa. Nilimnong'onezea baba akiwa anapima sukari. Mnapaswa kujua baba alikuwa mtu wa namna gani: mizani ikitulia aliongeza kijiko kimoja, ili asimdhulumu mtu bila kujua. Alimaliza kupima, akafunga duka mchana kweupe.

Kule Burat alilowesha vidole kwa mate, akazishika zile nywele, akazing'oa. Diima alitikisa kichwa. Baba akazipuliza zikaenda na upepo.

"Sasa hana," akasema.

"Lakini Baba, Mungu ameziona."

"Usimwambie Pasta."

Tulirudi nyumbani. Nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vya viatu vyake.

Diima alipofika miaka miwili na ushee, Pasta alitangaza kwamba wakati umefika. Baada ya ibada Diima alifungwa utepe mweupe shingoni, akapakiwa kwenye lori, na kanisa zima likaimba. Akina mama walinikumbatia wakiniambia nimebarikiwa kuliko wasichana wote wa Isiolo. Pasta alipanda mbele na dereva. Diima alilia mara moja tu, lori lilipoanza kusonga. Miezi miwili baadaye Pasta naye alisafiri kwenda Yerusalemu, na tuliambiwa anafuatilia mambo.

Alirudi na picha. Tulizipitisha mkono kwa mkono kanisani, na ile iliyopendwa kuliko zote ilimwonyesha amepanda ngamia, amevaa miwani ya jua. Baba alimwonyesha Guyo dukani. Guyo aliishika picha karibu na pua yake.

"Amepanda ndege kwenda kupanda ngamia? Angeniambia tu. Kule Sericho ngamia wako wengi, na hakuna wa kumlipisha."

Mimi nilimngoja Pasta nje ya kanisa mpaka watu wakapungua.

"Pasta, ulimwona Diima?"

Hakusita hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Nilimwona, Kendi. Amenona. Yuko kwenye majani mabichi."

"Bado hawajamchoma?"

"Wanangoja siku."

Kisha, kwa kuwa alikuwa na furaha ya safari, akanisimulia kwamba siku moja alipotea kwenye vichochoro, jua likamzidi, na mama mmoja mzee wa Kiyahudi akamkalisha kwenye kiti mlangoni mwake, akampa maji na mkate, akamshika mkono mpaka barabara kubwa. "Mama mwema sana," akasema. "Kama cucu yangu." Cucu kwao ni nyanya.

Niliviona akilini vile vichwa thelathini vya kwenye kitambaa. Nikauliza, "Ulimwambia?"

"Nini?"

"Kuhusu wale ishirini."

Pasta alicheka, akanipapasa kichwa. "Mambo mengine hayasemwi kwa mtu aliyekupa maji."

Jumamosi hiyo nilikwenda Burat kwa mazoea, ingawa sikuwa na wa kumkagua. Nilimpa Guyo habari njema, kwamba Diima amenona. Aliacha kukamua, akafuta mikono kwenye shuka.

"Intala, nani amekuambia?"

"Pasta. Alimwona Yerusalemu."

Akasema bila kunitazama, "Mimi nilimwona soko ya mifugo. Ile siku mliimba. Saa nane. Nilishika kamba, nikasema hii ni ya mtoto wa duka. Wakauliza alama iko wapi. Nikaangalia sikio. Wakanicheka. Akaingia gari ya Nairobi ya kichinjio."

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia anasema hivyo kwa sababu si mtu wa kanisa letu na anatuonea wivu. Maneno hayo ni yangu, hakuna aliyenifundisha. Guyo alisema tu, "Sawa, intala," akanipa maziwa ya moto kwenye kikombe cha bati, nikayaacha hapo chini. Ukame wa mwaka uliofuata ulipoanza alihamisha mifugo yake kuelekea Sericho na hakurudi tena. Sikumwomba msamaha.

Pasta naye alihamishiwa mji mwingine, akaacha chati kwa baba. Nilifanya mtihani wa darasa la nane nikapita, nikaitwa shule ya sekondari ya wasichana. Barua ilikaa kwenye rafu ya viberiti mpaka ikabadilika rangi. Baba alisema tungoje kidogo. Nilianza kumsaidia dukani nikingoja, na ndipo nilipo mpaka leo, nikiongeza kijiko kimoja mizani ikitulia.

Nilipokuwa mkubwa niliisoma Biblia mwenyewe, polepole, nikiwa nyuma ya kaunta. Yaliyoandikwa humo yamo. Sitasema hayamo, wala sina elimu ya kuyapatanisha. Ninachojua ni jinsi sisi tulivyoyashika. Wale Wayahudi tuliwapenda kama tulivyompenda Diima: tukahesabu nywele zao, tukashangilia kila dalili, na siku yao tuliijua, wao hawakuijua. Yule mama mzee alimwona mgeni amechomwa na jua. Sisi tulimwona yeye kama hatua moja ya kutufikisha mbinguni. Nikiwa mtoto sikuwa na maneno ya kulisema hilo. Niliuliza tu kama aliambiwa, nikapapaswa kichwa.

Nilipokuja kuamini kwamba Guyo alisema kweli, kuhusu baba nilijipa jibu langu mwenyewe, kwamba alidanganywa kama mimi. Jibu hilo lilinitosha miaka mingi. Niliweza kumpikia, kumfulia, na alipoanza kuugua niliweza kumwogesha.

Mwezi wa pili mwaka huu, alipokuwa hawezi tena kuinuka, nilimuuliza. Ilikuwa asubuhi, dirisha liko wazi, kelele za bodaboda zinaingia. Nilimwambia aliyoyasema Guyo. Nilidhani atashtuka.

"Guyo alikuwa mtu wa kweli," akasema.

"Ulijua lini, Baba?"

"Kabla. Pasta aliandika barua huko Yerusalemu, hakujibiwa. Na ng'ombe hangechukuliwa kwenye ndege. Tukakubaliana auzwe, pesa zisaidie nauli, aende mtu badala yake, akaone kama mambo yako karibu."

"Mlikubaliana wewe na yeye."

"Ndiyo."

"Na mliimba."

Alifumba macho. Nikadhani amelala, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunjakunja ncha ya shuka.

"Na shule yangu, Baba?"

Pumzi yake ilikuwa inakwaruza. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kumwambia mteja kwamba chumvi imeisha, "Nilidhani Bwana atakuwa amerudi kabla hujamaliza darasa la nane."

Nilimwinua kichwa nikakiegemeza kwenye mkono wangu, nikampa uji. Alikunywa vijiko vitatu. Cha nne akafunga mdomo.