Mchungaji Alipoomba Ufunguo wa Apu

Nakumbuka siku ile ya lokdauni ya korona, Fairfield yote, mtaa wetu huku ughaibuni, imefungwa, mimi niko jikoni nacheka peke yangu. Nilikuwa bado kijana, nywele ninazo. Mchana napanga maboksi kwenye godauni kule Wetherill Park, jioni najifundisha programu kwa video. Shule, mwanangu, niliishia nusu, na hiyo nusu yenyewe nilikaa dirishani nikiangalia mpira.

Lakini apu, programu ya simu, nilitengeneza. Kweli kabisa. Wazee wa kanisa letu, Wakongo ambao Kiingereza hakiwapandi, walisoma humo kwa Kiswahili: wapi pa kupimwa, wapi pa chanjo, chakula cha msaada kinakuja lini. Dada Wanjiku, Mkenya wa kazi za kompyuta mjini, ndiye alinifundisha kuisaini. Funguo za RSA, njia ya kusaini kwa kompyuta, ni mbili, mwanangu, kama pacha. Wa siri unasaini programu. Wa wazi unaiwezesha simu ya kila mtu kuhakikisha imetoka kwako na hakuna aliyeichezea. Siku simu ya kwanza ilipokubali sahihi yangu, niliruka nikagonga kichwa kwenye kabati.

Nikamtangazia Mchungaji. Unatujua sisi, funguo zote hukaa kwake: wa kanisa, wa basi dogo, hata wa nyumba yako ukisafiri. Akanirudishia sauti kwenye WhatsApp: "Kazi nzuri, mwanangu. Sasa nitumie huo ufunguo wa siri, nikae nao pamoja na zingine. Ukiugua je?"

Nani anamnyima Mchungaji? Faili nimeshaambatanisha, kidole kiko hewani. Bahati nzuri Wanjiku alikuwa kwenye simu ya video, ananiona.

"Unatuma nini?"

"Ufunguo. Kwa Mchungaji."

"Ati? Ule wa siri?"

"Ni mtu wa Mungu, dada."

"Na simu yake? Si wajukuu ndio huichezea kutwa? Mtu akiupata, ataandika uongo, ausaini kwa jina lako, na simu za wazee zitakubali. Atawaambia chanjo iko mahali haipo, nao wataenda. Mpigie, mwambie hapana."

Hapana, kwa Mchungaji. Afadhali ningebeba godauni zima kichwani. Nikampigia, nikazungusha maneno mpaka nikapotea mwenyewe. Mwishowe nikasema, "Papa Mchungaji, cheti cha ubatizo unasaini wewe. Ukisafiri, unatuachia mkono?"

Akacheka mpaka akakohoa, na miaka ile ukikohoa watu wanahama chumba. "Si korona," akasema. "Kaa na mkono wako. Lakini hujanijibu, ukiugua?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Bila ufunguo ule, simu za wazee zisingekubali toleo jipya hata la mtu mwema. Wanjiku akapata njia: nakala moja kwenye flashi, imefungwa kwa nywila. Flashi akae nayo Mchungaji, nywila akae nayo Wanjiku mwenyewe. Mmoja peke yake hawezi kitu. Jioni ile ile nikasaini toleo jipya, na simu za wazee zikaanza kulipokea, moja baada ya nyingine. Mama watoto, aliponikuta jikoni nacheka peke yangu, akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Basi wewe unayeandika programu, ufunguo wako wa siri usiutume kwa mtu, usiuache ndani ya maandishi ya programu unayogawana na wenzako. Ufunge kwa nywila, weka nakala salama. Na mkubwa akiuomba, usimkwepe. Mweleze kwa heshima. Huenda akakuuliza swali ulilolisahau. Mungu akupe vidole vyepesi vya kuandika na vizito vya kutuma, na kila ulichosaini kiwafikie watu wako kikiwa kizima.