Nyutro ya Great Barr

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa kuwasha taa. Ilikuwa Northfield, mtaa wa mji huu wa Kiingereza tuliohamia, katika nyumba iliyong'olewa dari, na Fundi Mkuu alinipa betri, balbu ndogo na vipande viwili vya waya. Nikaunga waya mmoja kutoka betri hadi balbu. Giza. Nikageuza betri. Giza bado. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na elimu yangu iliishia darasa la nane kule Kakamega.

Fundi Mkuu alikuwa Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, na mwenyewe alijiita hivyo.

"Sasa hii waya ingine umeacha ya nini?"

"Ni ya akiba, bwana."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Stima iko kama mimi, bwana. Kama hakuna njia ya kurudi nyumbani, haitoki!"

Nikaunga waya wa pili, taa ikawaka. Nawaeleza nilivyoelewa, waliosoma watanisahihisha. Betri inasukuma. Stima, yaani umeme, inatoka upande mmoja, inapita ndani ya balbu, inarudi upande wa pili. Mzunguko huo ndio sakiti. Swichi ni daraja tu. Ukiizima umeondoa daraja, na stima inasimama njia nzima, si pale kwenye swichi peke yake. Kwa miaka niliamini balbu inakula stima, kwamba inayorudi ni mabaki. Sivyo. Inayotoka na inayorudi ni kiasi kilekile. Inachoacha kwenye balbu ni nguvu, ndiyo huo mwanga na joto. Katika nyaya za nyumba, waya wa kwenda tunauita laivu, wa kurudi tunauita nyutro. Mafundi wengi huogopa laivu na kuidharau nyutro. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Fundi Mkuu alikuwa na utaratibu wake, na hakumsamehe mtu aliyeuruka. Zima sakiti kwenye boksi la fyuzi, piga kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Jaribu testa, yaani kipimo chetu, mahali penye stima ujue inafanya kazi. Pima waya wako. Kisha ijaribu testa tena. Na mwishoni aliongeza: "Ukitenganisha waya, hiyo si ile sakiti ulipima. Pima upya."

Miaka tisa baadaye nilikuwa Great Barr na Kabeya, Mkongo wa Lubumbashi, mimi nikiwa mkubwa wake. Tulikuwa tunabadilisha taa za ghorofa ya juu. Nilizima sakiti ya juu, nikapiga kufuli, nikapima. Laivu kimya, nyutro kimya. Nikatenganisha nyutro, nikamwambia, "Shika hizo, zimekufa." Kabeya akashika. Alirushwa kutoka kwenye ngazi ya mbao, akavunjika mkono.

Chanzo tulikijua baadaye. Fundi fulani wa zamani, kwa kuokoa waya, aliipa taa ya ngazi za kupandia ghorofani laivu ya sakiti ya chini, akairudisha kwa nyutro ya sakiti ya juu. Simlaumu sana, wengi walifanya hivyo. Taa ile ilikuwa inawaka mchana kweupe, na nilipotenganisha nyutro ilizimika. Sikuitazama. Stima ilikuwa imefika kwenye ncha ya waya niliyoiachanisha, haina pa kupita, mpaka mkono wa Kabeya ulipoipa njia.

Meneja wa Mradi alikuja, mtu wa haki kwa kawaida, ila siku hiyo alikuwa amechoka. "Huyu Kabeya hana uangalifu. Hatarudi hapa. Wewe ulipima?"

"Nilipima, bwana."

Ilikuwa kweli, lakini nusu ya kweli. Nilikuwa nimetajwa kwa cheo cha usimamizi, na nilijua neno moja zaidi lingekiondoa. Kabeya naye alikuwa na watoto watatu. Nilinyamaza siku tatu. Siku ya tatu nilimwendea Fundi Mkuu.

"Ulipima mara ngapi?"

"Mara moja. Baada ya kutenganisha sikupima."

Akanisukumia karatasi ya ripoti ya ajali. "Basi andika mara moja."

Nikaandika. Kabeya alirudi kazini plasta ilipotolewa. Usimamizi alipewa mwingine, na aliufaa kuliko mimi. Nilimwomba Kabeya msamaha kwa kutopima upya. Habari ya siku tatu sikumwambia. Sijui kama ilikuwa woga au aibu; labda navitenganisha tu ili nijipunguzie lawama.

Mwaka huu nimestaafu. Kabeya, ambaye sasa ndiye msimamizi, aliniomba niwaandikie mafundi wapya jinsi tulivyofanya kazi. Nilijaribu mara nne, na kila nilipofika Great Barr kalamu ilikataa. Mwishowe nikampigia simu kwake Sutton Coldfield.

"Kabeya, ulipokuwa hospitali nilinyamaza siku tatu. Nikawaacha wakulaumu wewe."

"Miye nilijuaka, kaka. Meneja alinipigiaka simu siku ya kwanza, akasema eti wewe ulipima vizuri."

"Mbona hukumjibu?"

"Nilikuwa nakungojea." Nikasikia anacheka kidogo. "Siku ya nne ningesema. Miye si malaika."

Miaka yote hiyo, kila Krismasi, mtu huyu alikuja kwangu akala chapati za mke wangu, akijua.

"Andika yote," akasema. "Na siku tatu, uziandike. Vijana wajue waya si kitu pekee cha kupima."

Nimeandika. Jana nilimsomea yote kwa simu.

"Ni sawa?" nikamuuliza.

"Hapo kwa meneja ulisoma mbio, kaka. Soma tena."

Nikasoma tena.