Mpishi Aliyeomba Maksai Mlango kwa Mlango

Saa kumi na mbili asubuhi, Nolfa Chiguay amepiga magoti kando ya shimo, anapuliza moto. Mawe ya mtoni aliyoyapanga humo yameanza kuwa mekundu. Moshi unamwingia machoni naye anautukana kwa sauti ya chini, kama mtu anayemgombeza mbwa wake mwenyewe. Leo hana jiko. Jiko lake la chuma limo ndani ya shule, na shule iko juu ya magogo, imefungwa kamba, inangoja kuvutwa.

"Miaka kumi na minne nimepika ndani ya nyumba ile," anasema, akijifuta jasho kwa ncha ya aproni. "Leo jiko ndilo linaloondoka, mpishi nimebaki chini. Dunia imepinduka!"

Nolfa, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, ni mpishi wa Shule ya Jumuiya ya Quelmán, kijiji cha pwani ya mashariki ya kisiwa cha Chiloé, kusini mwa Chile. Anawapikia watoto thelathini na wanne. Mshahara wake ni peso laki mbili na elfu themanini kwa mwezi, ambazo anasema hupitia mkononi mwake kama wageni wa njiani. Pengo hulizibia kwa soksi za sufu anazofuma mwenyewe na kuwauzia wageni wa kiangazi.

Shule yake si ya serikali wala si ya kanisa. Ile ya serikali ilifungwa kwa sababu watoto walikuwa wachache, ndipo wazazi walipokusanya mbao, kila mtu alichokuwa nacho, wakajenga ya kwao. Walianza na watoto tisa na ubao mmoja wenye ufa. Siku hizi kuna bustani ya mboga chini ya nailoni, kuna tangi la maji, na mwalimu mkuu, Yasna Teca, ni mmoja wa wale tisa wa mwanzo.

"Bi Nolfa alinilazimisha kula kabichi nikiwa na miaka kumi na miwili," anasema Yasna, akisogeza benchi la darasani chini ya mti. "Sasa mimi ndiye bosi wake, na bado ananilazimisha kula kabichi."

Shida ilitoka kwenye ardhi. Mzee mmoja aliwapa wazazi kiwanja kwa neno la mdomo tu: jengeni. Mzee akafariki, watoto wake wanaoishi mbali wakauza shamba lote, na mnunuzi akawaomba watu wa shule wawe wamehama kufikia mwisho wa Februari. Hakuna aliyemnunia. Ardhi ni yake, nyumba ni yao. Klabu ya mpira ya kijiji ikatoa kona ya uwanja wake, nyuma ya goli la juu, kwa sharti moja: kioo kitakachovunjwa na mpira ni msiba wa shule, klabu haihusiki.

Kona hiyo iko mwendo wa kilomita moja na nusu kutoka kiwanja cha zamani, na shule zinafunguliwa Machi. Ikifika siku hiyo jengo halijasimama kwenye kiwanja chake, ofisi ya elimu ya mjini itawagawa watoto kwenye shule nyingine.

"Na mtoto akishazoea basi la mjini, huyo harudi," anasema Nolfa. "Hapo ndipo tungekwisha. Shule ingekwisha, na mimi ningekwisha nayo."

Quelmán hakuna anayebomoa nyumba inayoweza kutembea. Nyumba ni za mbao tupu, hazikuchimbiwa msingi. Mtu akihama, huhama nayo, ikivutwa na maksai wa majirani kwa kazi ya ujima wanayoiita minga. Mkutano wa wazazi ulimpa Nolfa kazi ya kuwaita watu, kwa sababu moja tu: hakuna nyumba ambayo hajailisha mtoto wake.

Na hapo Nolfa akavuruga.

Wiki ile mvua ilikuwa haikatiki, na goti lake la kushoto lilikuwa limevimba. Akaketi karibu na moto, akachukua simu, akaandika kwenye kundi la kijiji: "Majirani wapendwa, Jumamosi tunavuta shule. Njooni na maksai. Chakula kipo." Kabla ya jua kuzama kioo cha simu kilikuwa kimejaa vidole gumba vya kukubali. Nolfa akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Jumamosi zilikuja jozi tatu za maksai, na kikongwe mmoja aliyekuwa akienda kanisani, akavutwa na harufu ya nyama.

"Nilipika chakula cha watu themanini, wakaja tisa," anakumbuka Nolfa, akicheka sasa, ingawa siku ile alilia nyuma ya tangi la maji. "Tulikula nguruwe mpaka mbwa wakaanza kutukimbia."

Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Ni kwamba minga haitangazwi, minga huombwa. Mwenye shida hufunga safari mpaka mlangoni kwako, husimama, husema alichojia, kisha hukaribishwa ndani. Wewe unajivuta kidogo, unalalamika juu ya mgongo wako na hali ya maksai wako, halafu ndipo unakubali. Ukishakubali hivyo, hata mvua ya mawe haikuzuii. Lakini kidole cha simu ni salamu tu.

"Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa," anatania Yasna. "Sisi tulikuwa na vidole arobaini, na chawa bado mzima!"

Nolfa hakuwa na pa kujifichia. "Kinachoniuma ni kwamba nilijua," anasema. "Ningekuwa mgeni, sawa. Mimi nimezaliwa hapa! Marehemu mama angenichapa kwa mwiko."

Zilibaki wiki mbili. Akalifunga goti kwa skafu ya sufu, akashika fimbo, akaanza nyumba ya kwanza. Kila nyumba alikaribishwa kibuyu cha chai chungu, ile inayonywewa kwa mrija mmoja, na kukataa kibuyu ni kukataa watu. Anasema kufikia nyumba ya sita tumbo lilikuwa likimchezacheza kama pipa lililojaa nusu.

Chai haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa swali, na lilikuwa lilelile kila mlangoni: siku yangu nani atairudisha? Maana siku ya minga hulipwa kwa siku. Leo nakuvutia nyumba, kesho unanivunia viazi. Nyumba ya mtu ina mwenyewe. Shule ni ya wote, na cha wote mara nyingi hakina wa kukijibia.

Erminda Raín, mjane mwenye jozi mbili nzuri za maksai na ulimi mkali kuliko shoka, alimwambia waziwazi.

"Shule ina mikono gani, jirani? Nikivuna viazi nitaita nani, ubao?"

"Utaniita mimi," akajibu Nolfa.

Anaapa hakuwa amepanga kusema hivyo. Neno lilimtoka. Lakini likishatoka halirudi, na asingeweza kumwambia Erminda hivi na nyumba ya pili vile. Basi akalisema kila mlangoni: utaniita mimi. Alipomaliza kijiji alikuwa anadaiwa siku na nyumba thelathini na saba.

Ikabaki moja.

Baudilio Mansilla ana umri wa miaka sabini, na maksai wake, Clavel na Gallardo, ndio hutangulia katika kila minga ya upande ule wa kisiwa. Wengine hufuata nyuma yao. Bila wao watu wangekuja, lakini wangekuja kutazamana. Na Baudilio na Nolfa walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu sherehe ya miaka saba ya shule, pale mzee aliposema mbele ya watu kwamba milcao za Nolfa, yale maandazi yake ya viazi vilivyokunwa, ni ngumu hata zinafaa kupigiliwa kwatoni kama viatu vya chuma. Nolfa naye alichukua kipaza sauti, akasema ng'ombe wa Baudilio wamekonda kama mwenyewe. Tangu hapo wakawa wakipishana njiani kila mtu akitazama upande wake, na mjukuu wa mzee akawa anaenda shuleni na chakula cha nyumbani.

Nolfa alisimama mlangoni pale akapiga moyo konde.

"Mzee Baudilio, nimekuja kukuomba siku moja."

"Unaniomba mimi au wale ng'ombe wangu waliokonda?"

"Nawaomba wote watatu."

Mzee akamtazama goti, akatazama fimbo. "Umefika hapa kwa miguu?"

"Kwa mguu mmoja na nusu."

"Simu imeharibika?"

Nolfa akaegemea fimbo. Alistahili, na alijua kwamba alistahili.

"Na siku yangu nani atarudisha?"

"Mimi. Nitakuja kuvuna, na nitapika."

"Utapika nini?"

"Milcao."

"Ee Mungu," akasema Baudilio, kisha akafungua mlango wote. "Ingia basi, unaingiza baridi."

Ndiyo maana leo, saa tatu ikikaribia, barabara ya vumbi mbele ya shule imejaa pembe. Jozi kumi na tisa za maksai zimepangwa kwa mstari, Clavel na Gallardo mbele. Vioo vimetolewa madirishani. Wanawake wamekaza kamba za pembeni, vijana wamebeba magogo ya kutandika njiani. Ndani ya jengo hakuna mtu, ila kengele ya shule, ambayo hakuna aliyekumbuka kuishusha.

Baudilio anainua fimbo yake ndefu. "Haya! Haya, wanangu!"

Shule inaguna, inatikisika, inaanza kutembea. Kwa kila mvuto kengele inalia. Watoto wanakimbia kando yake wakipiga mayowe, na mmoja anamwuliza Yasna kama kengele ikilia hivyo inabidi waingie darasani.

Nolfa hatazami. Yuko kwenye shimo lake, anamwaga kome na chaza juu ya mawe ya moto, nyama ya nguruwe juu yake, kuku, viazi, kisha milcao, kisha majani mapana ya kufunika, kisha mabonge ya udongo wenye nyasi. Mikono inafanya kazi, lakini masikio yako barabarani. Kengele ikiwa inalia, anajua mambo yanakwenda.

Kisha kengele inanyamaza.

Kwenye bonde dogo lililo chini ya uwanja wa mpira, tope limemeza magogo ya mbele. Kamba kubwa inakatika kwa mlio kama wa bunduki, wanawake watatu wanakaa matopeni bila kupenda, na jengo linainamia upande wa kushoto. Hakuna aliyeumia. Lakini hakuna anayecheka. Wote wanasikia kuta zikilia, na wanajua kwamba nyumba ikilala hapa haiinuki tena.

Nolfa anafika akichechemea, viganja vyake vyeusi kwa masizi. Kamba mpya imeshafungwa. Anaishika.

"Nolfa, goti lako!" anapiga kelele Erminda.

"Goti halivuti, jirani! Mikono ndiyo inavuta!"

Erminda anatema mate kwenye viganja vyake, anashika nyuma yake. Yasna anashika. Mchezaji wa akiba wa klabu ya mpira, aliyekuja kutazama tu, anashika. Baudilio anainama kwenye sikio la Clavel, anamwambia maneno ambayo hajamwambia mtu maishani mwake, halafu anajinyoosha na kupaza sauti. Maksai wanashusha mabega. Kamba zinakazana. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea, na Nolfa anasema moyoni mwake alikuwa ameshaanza kuaga.

Kengele inalia mara moja.

Halafu inalia tena, na tena, na shule ya Quelmán inatoka bondeni imejaa tope hadi madirishani, inapanda uwanjani, inapita katikati ya duara la kati kama nahodha, na kusimama nyuma ya goli la juu. Watu wanakumbatiana. Nolfa analia waziwazi, mbele ya kijiji kizima, na masizi ya mikono anayajaza usoni kila anapojifuta.

Mchana shimo linafunuliwa. Mvuke unapaa, watu wanakaa kwenye nyasi na sahani mapajani, pombe ya matufaha inazunguka. Mjukuu wa Baudilio yuko kwenye sahani ya pili ya chakula cha Nolfa. Babu yake anakula milcao ya kwanza akiwa kimya, ya pili akiwa kimya, ya tatu akiwa ameangalia pembeni. Mbili nyingine anazitia mfukoni mwa koti akidhani haonekani.

Kisha anainuka, anakwenda alipoketi Nolfa na mguu wake umenyooshwa juu ya benchi la darasani.

"Siku yangu nimekusamehe," anasema. "Utavunaje viazi na goti hilo? Na wenzangu nimeshazungumza nao. Hudaiwi na mtu."

Watu walio karibu wanatikisa vichwa kukubali. Erminda pia. Wanatazamia mama wa watu ashukuru.

Nolfa anaweka sahani chini.

"Usinisamehe, Baudilio."

"Mwanamke, nakupa zawadi!"

"Sitaki. Ukinisamehe leo, mwaka mzima huna sababu ya kupita kwangu, na mimi sina sababu ya kuja kwako. Tulishakaa hivyo miaka saba, ilitusaidia nini? Nidai. Nidaini wote. Nataka shule hii idaiwe na kijiji kizima, na nikishalipa mimi, watalipa hawa." Anaonyesha watoto, wanaoingiza vichwa kwenye madirisha yasiyo na vioo kutazama kama madarasa yao bado yamo. "Siku tutakayomaliza deni, ndiyo siku hatuna majirani."

Yasna anasema tayari ameongea na wazazi: wakati wa mavuno wanafunzi wakubwa watakwenda na mpishi wao shambani, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka thelathini na nane zitimie. Kama mwaka hautoshi, upo mwingine.

Baudilio anakuna kidevu. Anamtazama Nolfa, anatazama goti, anaitazama shule iliyosimama nyuma ya goli na matope yake.

"Basi nitaanza kuchimba viazi wiki ya pili ya Aprili," anasema. "Uje mapema. Na uje na kikunio chako, changu kimeota kutu."