Tochi ya Mama na Betri Ndefu

Harufu ya pepeta hunirudisha kijijini kwetu Kionga kabla sijafikiri lolote. Mpunga ambao haujakauka sawasawa, umekaangwa chunguni na kutwangwa ungali moto, moshi wa vifuu vya nazi umeingia katika kila punje. Mwaka ninaousimulia tuliitwanga pepeta kwa hofu. Viboko walikuwa wamepanda kutoka upande wa Ruvuma wakaingia mabondeni, na shamba la jirani yetu walilimaliza jioni moja, wakaacha matope na nyayo ambazo mimi, mtoto wa darasa la nne, niliweza kukaa ndani yake. Baba alikuwa kibarua bandarini Mocímboa. Mjomba, kaka yake Mama, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, alikuwa ameshasema: mpunga ukiliwa, nyumba ifungwe, Mama ahamie kwake karibu na Palma, nami niache shule nikamlelee wanawe. Hakusema kwa ubaya. Yeye alikuwa na chakula, na sisi tungekuwa hatuna. Lakini Mama alilifyeka bonde lile kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwa na nia ya kuliacha.

Viboko walikuwa wameshayazoea makopo tuliyowapigia kutoka dunguni, kile kichanja cha kulindia shamba, kwa hiyo Baba akatutumia tochi. Ilikuwa ya chuma, nzito, yenye kioo kipana, na ilikuja pamoja na betri ya kuchaji, maana mawe ya kawaida, betri zile zisizochajiwa, yaliisha upesi nasi tuliyaanika juani tukijidanganya kwamba yatafufuka. Betri ile ilichajiwa dukani, kwenye paneli ya jua juu ya bati. Tatizo likaonekana siku hiyohiyo: betri ilikuwa ndefu kuliko tumbo la tochi. Ilizidi kidogo tu, unene wa punje chache za mchele, lakini ilitosha kukizuia kifuniko cha nyuma kisijifunge. Ukikibana kwa kiganja taa iliwaka, ukiachia ilizimika. Mjomba, aliyekuwa amekuja kutujulia hali, akaomba tupa ya kunolea jembe. "Pilya ndo ndefu hii," alisema, akiigeuzageuza betri. "Lete niisage kitako, itaingia tu." Mama akaiwahi mkononi mwake. "Uisage, kaka, itulipukie? Mgeni akija mrefu namna hii, utamkata miguu? Si usogeze kitanda!" Mjomba alicheka hadi kofia ikamdondoka.

Basi Mama akakaa barazani kukisogeza kitanda. Alikigeuza kifuniko, akakichungulia, akaingiza kidole, akaniagiza koleo. Aling'oa springi iliyokuwa ndani, kwani ndiyo iliyokula nafasi. Kisha akatoa waya wa shaba katika redio yetu iliyokufa, akauchuna kwa meno, akauzungusha kwenye msumari na kuukandamiza hadi ukawa bapa, akaulaza mahali pa springi. Kifuniko kikaingia hadi mwisho. Taa ikawaka mchana kweupe, akanimulika usoni nikaona nyota, tukacheka wote wawili. Nilimtazama nikajisemea kwamba hakuna kitu duniani kinachomshinda mwanamke huyu.

Magharibi ile ile ikanisuta. Tulikuwa dunguni kiboko alipotoka kwenye matete, Mama akamwelekezea tochi na kuitikisa ili mwanga umchezee machoni. Taa ikakonyeza, ikazimika. Shaba ni laini. Ukishaikandamiza hubaki palepale, haiisukumi betri irudi mahali pake. Tukabaki na kopo letu na matusi yetu. Kiboko alikula ukingo mzima wa shamba, tukimsikia anavyong'oa na kutafuna, taratibu, kama mtu aliyekaribishwa. Niliogopa sana, na sikuwa namwogopa mnyama. Nilikuwa naiogopa nyumba ya Mjomba, na watoto wake nitakaowabeba mgongoni huku wenzangu wakienda shule.

Asubuhi Mama hakulalamika. Alinitazama miguu. "Vua kandambili," akasema. Akakata kipande cha mviringo kwenye kisigino, akakisukumiza ndani ya kifuniko, kisha akalaza shaba juu yake, ncha moja ya waya akiishusha pembeni iguse chuma, kwa kuwa mpira haupitishi umeme. Sasa mpira ukawa unasukuma na shaba inapitisha. Akaitikisa tochi, akaigonga gotini, akanipa niitupe mchangani. Haikukonyeza. Niliililia kandambili yangu, naye akaniambia nilie polepole, anaisikiliza tochi.

Jioni kiboko alirudi, na safari hii Mama alisimama wima dunguni, akammulika machoni na kuuchezesha mkono. Mabondeni kwetu mnyama yule haitwi kwa jina lake akiwa karibu. "Mzee," Mama akamwambia, "ya jana yanatosha. Geuka." Mzee alisimama, masikio yakimcheza. Mama hakuushusha mkono. Nilikuwa nimeshika ncha ya kanga yake, na mwanga haukukonyeza hata mara moja. Kisha tukasikia matete yakivunjika kuelekea majini. Ikawa hivyo kila alipokuja, mpaka tukakata suke la mwisho. Nyumba haikufungwa, nami nikabaki shuleni.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Pemba, si kisiwa bali mji wa pwani kusini ya Mocímboa. Vita vilipofika kwetu tulikimbia sote, Mama pia, na safari ile siwezi kuisimulia bado. Nyumbani kwangu kila chumba kina taa. Kitu kisipoingia mahali pake nanunua kingine, wala sikigeuzi kukichungulia. Mwaka huu, kabla ya mvua, Mama alifunga mzigo wake akarudi Kionga kulima bonde lake. Nilimsihi asubiri. Nilimwambia waliotufukuza safari hii ni watu wenye bunduki, hawaogopi tochi. "Najua, mwanangu," alinijibu kwenye simu, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. "Ila kule ndo kwangu." Namwonea fahari. Yeye analima, na mimi, niliyesomeshwa na mpunga ule, bado niko hapa chini ya taa zangu, naogopa kurudi.